Mlango wa Moto wa Bahari

Kilichonivunja kwenye msiba wa mama hakikuwa jeneza. Hazikuwa sauti za wasomaji sebuleni, wala ndara zake zilizobaki mlangoni zikiwa zimeelekea nje. Ilikuwa njiti ya kiberiti. Mwanamume mmoja aliwasha sigara chini ya dirisha la jikoni, na ile harufu kali ya mwanzo, inayotangulia moshi wenyewe, ikaingia ndani. Mimi niliyekuwa nakata vitunguu na wanawake wenzangu kama mtu mwenye akili zake timamu, nikaweka kisu chini na kulia hadi wakanishika mabega. Walidhani namlilia mama alivyolazwa. Kumbe mimi nilikuwa namwona ameketi, mgongo wima, kitenge amekikaza kiunoni, juu ya kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kukikalia.

Tulikaa Gitega, mtaa wa Waswahili, nyumba ambayo ua wake ulikuwa ndiyo karakana. Wale wa rika langu mliolelewa mitaa ile mtakubaliana nami kwamba hatukuhitaji saa ukutani. Kulikuwa na adhana, na kulikuwa na nyundo za mafundi. Baba alikuwa fundi wa mbabula, haya majiko ya makaa ya bati. Alikata mapipa ya mafuta yaliyochakaa, akayakunja, akayapigilia misumari, akayakandika udongo kwa ndani, na mwisho kabisa akatengeneza kimlango cha chini, kidogo kama kiganja changu cha wakati ule. Kazi hiyo ya mlango hakumwachia mtu.

"Hapa ndo moto inavutia pumuzi," aliniambia siku moja, akiuchezesha mlango kwa kidole. "Ukifungua, inaamuka. Ukifunga, inalala. Moto haiko mubaya, sha. Mubaya ni ule mwenye alisahau mulango."

Niliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika jambo, yote na kwa nguvu.

Nyundo ilikuwa irithiwe na kaka yangu Swedi. Swedi alikuwa mrefu, mcheshi, na mbishi kupita kiasi, na mimi nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, mama akiwemo. Lakini alisoma vizuri mno kwa mtu wa kurithi nyundo. Akapata nafasi kwenye chuo kimoja huko Indonesia. Baba alinuna kwa muda, halafu akamtengenezea sanduku la bati lenye kufuli, zito kiasi kwamba mama alicheka mpaka akakaa chini. Swedi akaondoka nalo. Kuanzia hapo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala, na sote tulikizunguka kile kisimu cha vitufe tukipiga kelele, kwa sababu tuliamini mtu aliye mbali anahitaji kupigiwa kelele. Alituambia chuo chao kiko kwenye miteremko ya mlima unaotoa moshi. Akitawadha alfajiri anauona umekaa pale, unavuta, kama mzee na kiko chake. Tulicheka hilo nalo.

Kisha ikaja ile asubuhi ya shuleni. Madamu wetu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alichora ubaoni bahari moja kubwa kuliko Afrika nzima, halafu akatoa chaki nyekundu, ambayo haikuwa ikitoka kabatini ovyo ovyo, akaanza kudonoa nukta ukingoni mwa ile bahari, nukta baada ya nukta, mpaka akaizungusha. Akasema dunia ni vipande vipande, si kitu kizima kama tunavyodhani. Ukingoni mwa bahari ile kipande kimoja kinazama chini ya kingine, na huko chini mawe yanayeyuka, yanatafuta pa kutokea, yanatokea milimani. Mkanda wa moto, ndivyo unavyoitwa. Alipoona macho yetu yamelala, akauliza:

"Mmeshaona mbabula yenye sufuria ndogo kuliko mdomo wake? Moto unatokea wapi?"

"Pembeni!" tulijibu, na mimi binti wa fundi nikapiga kelele kuwashinda wote.

"Basi bahari ile ndiyo sufuria. Na moto unatokea pembeni."

Akaanza kutaja nchi zenye nukta nyekundu. Alipofika Indonesia nilisimama bila ruhusa, kifua mbele. "Madamu! Kaka yangu iko pale! Iko anasoma pale pale!" Nilingoja anisifu. Madamu aliniangalia, akaangalia ubao, akapangusa vidole vyake kwenye sketi. "Imana imukingire," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwombea mtu kinga, kisha akatuamuru tufungue kitabu cha hesabu. Fahari yangu iliishia hapo. Kilichobaki ni hofu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa karakana, hofu yangu ilikuwa na umbo. Niliiona mbabula kubwa kupita kiasi, bahari imetegwa juu yake, na kaka yangu amekaa ukingoni pale ambapo ndimi za moto hutokea. Na kama ni mbabula, lazima ina mlango. Nani aliyeusahau?

Haukupita muda. Nilikuwa uani napeta mchele, redio ya baba imetundikwa kwenye msumari kama kawaida, na msomaji wa habari akasema kwamba huko Indonesia mlima umelipuka na watu wanakimbia majivu. Nyundo ilisimama hewani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wamesema mulima gani?"

Baba alikuwa anakisokota kitufe cha redio kama anayekamua nguo. Mwishoni walirudia jina, na lilikuwa lile lile ambalo Swedi alikuwa anatutajia kila Ijumaa akilivuta makusudi ili tucheke. Siku ile halikuchekesha mtu.

Tulipiga simu yake. Alijibu mwanamke aliyerekodiwa, mpole, kwa lugha tusiyoijua. Tukapiga tena, akajibu yeye yule kwa upole ule ule. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kila mara, maana labda angebadilisha maneno, na kadiri siku zilivyokwenda akaanza kumchukia kama mke mwenza. Ijumaa ikapita. Ijumaa nyingine ikapita. Baba aliacha kugonga. Ua ulipokuwa kimya namna ile nilikuwa nakwenda kusimama barabarani, kwa sababu kule angalau mafundi wengine walikuwa wanagonga.

Jirani yetu Mama Furaha alikuja kila siku. Alikuwa mwanamke wa Uvira, amekimbia vita, anauza ndagala, yaani dagaa, sokoni, na Biblia yake aliibeba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na mizani. Yeye alikuwa anasali kwa dini yake na mama akivuta tasbihi kwa dini yake, mkeka mmoja, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Siku moja akasema jambo ambalo naamini ndilo lililoamua kila kitu.

"Mama Swedi, sikia miye. Volcan ya Goma, ule mulima ya moto, ilishukaka wakati dada yangu iko kule. Tukangoja. Simu hakuna, mutu hakuna. Bakubwa bakasema, huyu alisha kwisha, tukae kilio. Tukawasha moto mu lupango, tukalia kwelikweli. Kisha dada akakuja! Na miguu, na kitambaa kwa kichwa. Batu bakamukimbia. Mpaka leo kuna benye hawakule ku sahani yake. Na yeye anasemaka, miye mulisha kunizika, munanitakia nini tena?"

"Na kwa nini mulikuwa na haraka?" mama aliuliza.

Mama Furaha alifikiri. "Kungoja inachokesha, mama. Kilio, hata ikikuwa mubaya, inaishaka."

Kwa aliyekulia mbali na kwetu, niseme hivi. Mtu akifa, wanaume huwasha moto wa magogo uani na kuuzunguka mpaka matanga yaishe. Sheikh wetu alizoea kusema desturi hiyo haimo kitabuni, kisha anasogeza kigoda chake karibu na moto kama wengine wote. Moto ule ukishawashwa, mambo yamekwisha. Jina la mtu linaanza kutanguliwa na neno marehemu. Kuni zake hukatwa makusudi, hazipikiwi ugali, na hakuna anayezigusa ila wenye kazi hiyo. Mimi niliyekuwa nasikiliza nyuma ya pazia niliunganisha mambo kwa akili yangu. Moto wa Goma, moto wa kule kwa Swedi, moto wa matanga, wote ulikuwa mmoja, unapita chini kwa chini ukitafuta pa kutokea. Bado nukta moja tu ya chaki nyekundu, ya uani kwetu. Ikiwashwa, duara limefunga, na Swedi yumo ndani.

Nilimwendea baba. Alikuwa amekaa kwenye pipa lililopinduliwa, mikono imelala magotini.

"Baba, tengeneza mulango ya ile mbabula ya bahari. Kuna mutu alisahau."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nilijua atanicheka au atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Ukubwa gani?" akauliza.

"Mi sijui. We ndo fundi."

Akainuka. Akatafuta kipande cha bati safi, akashika mkasi, akakata, akakunja kingo zisinikate, akatia bawaba na kishikio kidogo cha waya. Nyundo ikalia tena uani, na mama akachungulia mlangoni, mkono mdomoni. Kilikuwa kimlango kizuri kuliko vyote alivyowatengenezea wateja. Akakipuliza vumbi, akanipa.

"Shika. Ukiona moto inakaribia, unafunga."

Leo najua alitaka tu kusikia nyundo yake mwenyewe. Wakati ule niliamini nimekabidhiwa kazi ya dunia nzima, na nilikifunga kile kimlango kwenye pindo la kitenge changu, nikalala nacho, nikaenda nacho shule na chooni.

Halafu akapiga simu baba mkubwa Selemani, kutoka Muyinga. Baba mkubwa alikuwa amekulia Tanzania ukimbizini, Kiswahili chake kimenyooka, na akiongea hata wakubwa wenzake hujiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa na duka ambalo mlangoni kwake alikuwa ameandika namba yake ya simu kwa rangi nyekundu, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Likizo zetu zote, mimi na Swedi, tulizimaliza mbele ya mlango ule. "Njooni Muyinga nyote," alisema. "Mama ni mzee na haachi kuuliza. Tumwombee kijana pamoja." Tukaenda kwa njia ya Karuzi, na njia nzima baba alitazama dirishani na mama alitazama mikono yake.

Tulipoingia uani kwa bibi, watu walisimama. Walikuwa wengi, wengine nikawatambua kuwa ndugu zetu wa Buhinyuza, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye vyungu. Wakanyoosha mikono yote miwili kama wanavyompokea mfiwa. Na katikati ya ua kulikuwa na magogo. Mikaratusi ya shamba la baba mkubwa huko Mwakiro, imepasuliwa vizuri, imepangwa vizuri, chini yake vimeshindiliwa vijiti vya kuwashia.

Mama aliacha mfuko ukaanguka.

"Nani amekufa hapa?"

Baba mkubwa alikuja mbele, mkono kifuani. "Shemeji, karibu kwanza ndani, unywe maji."

"Nimeuliza nani amekufa."

"Shemeji." Alikuwa anaumia, na nataka nimtendee haki, kwa sababu kwa miaka mingi nilimfanya mtu mbaya kichwani mwangu naye hakuwa. "Nimeuliza kila mtu niliyeweza kumuuliza. Mlima ule umefunika vijiji. Alasiri tutamsalia sala ya aliye mbali, tutakaa matanga yetu, na wewe utaanza kupumzika. Jitazame ulivyokonda. Hatuwezi kukuacha ungoje mpaka ufe na wewe."

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza yule mwanamke wa kwenye simu. Kisha akakaza kitenge chake kiunoni, akapita katikati ya watu, akapanda, na akakaa juu ya kuni.

Sauti zikafumuka kwa pamoja. "Yewe!" "Mana yanje!" Mwanamke mmoja akajifunika uso. Mzee wa Buhinyuza akasimama, fimbo juu. "Kuni ya kilio haikaliwi! Anajiitia kifo, huyu mama!"

"Haiko kuni ya kilio," mama alijibu bila kuinua sauti. "Kilio hakuna. Iko kuni tu, na mi nimechoka na safari. Kama munataka kuwasha, muwashe."

Nilipenyeza nikafika karibu na miguu yake. Aliniona lakini hakuniita. Tulikaa hivyo, yeye juu na mimi chini, mpaka wanaume wakaenda kusali alasiri na kurudi. Nilitumaini kwamba wakirudi watakuwa wamesahau. Hawakusahau. Baba mkubwa alitembea moja kwa moja mpaka alipo baba, akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka kiganjani mwake.

"Mdogo wangu, huyu ni mke wako, na yule ni mwanao. Mimi siwezi kumgusa. Washa huku chini, pembeni, pole pole. Akiona moshi atainuka mwenyewe."

Nilisubiri baba akatae. Hakukataa. Kwetu mtu hamkatalii kaka yake mkubwa mbele ya watu, mbele ya mlango wa mama yao. Akaja, akachuchumaa kwenye vile vijiti, karibu nami kabisa, na nikaona mikono yake, mikono iliyozoea moto maisha yake yote, imeshindwa kufungua kiberiti. Njiti zikamwagika. Akaokota moja. Akapiga.

Ndiyo ile harufu. Kali, ya kuingia machoni. Nilimtazama mama juu, naye alikuwa anamtazama baba, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua jambo moja na alijue sasa hivi. Nukta ya mwisho ilikuwa imeshawaka mkononi mwa baba. Nikafungua pindo la kitenge, nikatoa kimlango changu, nikakisimamisha ardhini kati ya njiti na kuni, na nikakifunga.

"Baba, moto inakaribia," nilisema. "Ulisema nifunge."

Baba alikitazama kile kibati. Aliitazama bawaba yake mwenyewe, kishikio chake mwenyewe cha waya. Njiti ikaendelea kuungua mpaka ikafika kwenye vidole, naye hakuitupa. Ikazimikia hapo hapo kwenye ngozi. Kisha akainuka, akaokota njiti zote zilizomwagika akazirudisha kwenye kiberiti, akamrudishia kaka yake kwa mikono miwili.

"Kaka, mi nakuheshimu. Lakini mutoto wangu sitamuwashia moto na sijamuona."

Minong'ono ikaanza upya, mikali zaidi, na pale ndipo bibi akaita kutoka ndani. Macho yake yalikuwa yamekwisha zamani, na mambo yote aliyajua kwa pua na masikio.

"Selemani! Mbona moshi sisikii?"

"Mama, shemeji amezikalia kuni."

"Amekalia?"

"Ndiyo, mama. Hataki kushuka."

Kila mtu uani aligeukia ule mlango, maana neno lake lingekuwa la mwisho na hakuna ambaye angelibishia, hata mama. Niliushika mguu wa mama kwa nguvu zote.

"Basi mumupelekee muto," bibi akasema. "Magogo iko inaumiza."

Wakampelekea mto.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Wageni hawakujua waseme pole au waseme habari. Maharagi ya matanga yalikuwa yameshapikwa, yakaliwa kwa haya, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, baadhi wakinung'unika kwamba mkosi utaiangukia nyumba. Mama alishuka kwa ajili ya kusali na haja zake tu. Usingizi ukimzidi, baba alikaa yeye. Mimi nililinda na kimlango changu, na niliogopa kila wakati. Sitaki mtu adhani kwamba baada ya ile njiti hofu iliisha. Iliongezeka, kwa sababu sasa ilikuwa wazi kwamba ikiwa Swedi amekufa kweli, mama hatashuka kabisa.

Simu ilipolia, ililia kwa baba mkubwa. Alikuwa anatoka dukani, akaitazama namba, akakunja uso. "Halo? Nani?" Akasikiliza. Akakaa chini papo hapo vumbini na kanzu yake nyeupe. Alimnyooshea mama ile simu kwa mikono miwili.

Mama hakupiga kelele. "Nani?" akauliza. Mimi nilisikia, sauti ilikuwa inatoboa mpaka nje ya simu.

"Mama, ni mi."

"Ni we nani?"

"Ni mi, Swedi."

"Mara ya mwisho kwangu ulikula nini?"

"Maharagi na lengalenga. Uliweka chumvi mingi, mi nikanyamaza."

Mama akafunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalitikisika, na sikujua analia au anacheka, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Swedi alikuwa anaeleza haraka haraka. Walikimbia usiku, simu yake na sanduku la bati viliungulia huko, wamelazwa watu wengi kwenye ukumbi mmoja mkubwa, na yeye amepanga foleni siku baada ya siku kuazima simu. Akaipata. Na alipoipata hakukumbuka namba ya mtu yeyote duniani isipokuwa ile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka Muyinga. Akasema kule kote kunanuka kama mtu amepiga kiberiti na hakizimiki.

"Mama, uko wapi sasa?"

"Niko nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwa kuni zako," mama akasema, na Swedi akacheka, kwa sababu hakuelewa.

Tulipoondoka Muyinga mama alidai zile kuni. Baba mkubwa alisema atazitupa, atazigawa, atafanya anavyotaka yeye. Mama alikataa. Baba mkubwa, ambaye tangu ile simu alikuwa hamkatalii kitu, alitutafutia nafasi kwenye lori la ndizi, na tukarudi Gitega na magogo ya kilio chini ya mikungu. Dereva hakuambiwa.

Mama aliyapanga nyuma ya jiko, juu ya mawe, chini ya mabati. Kila mvua zikikaribia aliyamwagia majivu mchwa wasiyale. Ulifika wakati makaa yalikosekana mjini, sisi wenyewe nyumba ya fundi wa mbabula tukapikia magunzi, na baba akayatazama magogo. Mama akamwona.

"Hizo zilikatwa za kilio, zitabaki za kilio," akasema. "Lakini mi ndo nitatangulia. Mutoto wangu hatanitangulia."

Miaka imepita zile kuni ziko pale, tumezizoea kama ukuta. Swedi alirudi, akahadithiwa yote, akaoa, akakonda, akanenepa. Leo alasiri, tulipotoka kumzika mama, vijana wa mtaani waliuliza kuni ziko wapi, na kabla sijajibu nikamwona kaka yangu anatoka nyuma ya jiko na gogo la kwanza begani, majivu yamemjaa shingoni. Hakutaka asaidiwe. Alizibeba zote, akazipanga katikati ya ua, akashindilia vijiti chini. Baba, ambaye nyundo zimeyala masikio yake na hasikii tena lolote, alitoa kiberiti mfukoni akampa.

Swedi alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama na kile kimlango changu cha bati mkononi, kimeshika kutu, bawaba inalia. Nikakifungua.

Akapiga njiti, akachuchumaa. Kwa muda kidogo alibaki hivyo, mkono umesimama, akitazama juu ya zile kuni kama anayesubiri kukatazwa. Safari hii hapakuwa na mtu aliyezikalia.